Fahamu: Kwa nini rangi ya nywele hujaribiwa kwanza kwenye ngozi

Anayejipaka rangi ya nywele nyumbani huogopa kuchafua taulo au kutoka na rangi asiyoitaka. Hatari kubwa iko kwingine: kemikali iitwayo PPD, iliyomo katika rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi. Molekuli zake ndogo hupenya ndani ya unywele, na zikichanganyika na haidrojeni peroksaidi huungana kuwa rangi isiyotoka kwa kuosha. Ngozi za baadhi ya watu huikataa kwa muwasho, malengelenge, hata kuvimba uso mzima. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaopakwa kichwani.

Wapo watakaosema wameitumia miaka mingi bila tatizo. Hoja hiyo haitoshi, kwani mzio hujengeka taratibu kwa kugusana na kemikali hiyo, na unaweza kuzuka hata baada ya miaka. Pwani suala hili ni zito zaidi: piko, rangi ya nywele wanayochorwa maua mabibi harusi, mara nyingi huwa na PPD, na aliyebabuka kwa piko utotoni anaweza kudhurika vibaya akipaka nywele ukubwani. Wengine hukimbilia hina. Sawa, ila hina halisi hutoa rangi ya wekundu. Inayouzwa kuwa nyeusi papo hapo ina kitu kingine ndani. Basi paka kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48, na urudie jaribio hilo kila mara kabla ya kupaka. Kope na nyusi usiziguse kabisa.