Shungi likishakatwa: wanamieleka wadogo wa sumo huenda wapi?

Na Mwandishi Wetu

Saa mbili na nusu za asubuhi, katika ukumbi wa Kokugikan ulioko Ryogoku, mjini Tokyo, viti karibu vyote huwa vitupu. Ukumbi huo uliofunguliwa mwaka 1985 huchukua watazamaji wapatao 11,000, lakini saa hiyo waliokwisha kuingia ni wa kuhesabika. Juu ya ulingo wa udongo vijana wawili wanene hukabiliana. Aghalabu pambano lao halimalizi hata nusu dakika. Mshindi hutangazwa, mshindwa huinamisha kichwa, na wote wawili huondoka bila shangwe. Jioni, ukumbi utakapofurika na kamera za televisheni zitakapoelekezwa ulingoni, ndipo mabingwa watakapoingia. Wale wa asubuhi watakuwa wamesahauliwa.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mabingwa wa sumo, mchezo wa mieleka ambao Wajapani wanauheshimu kama sehemu ya mila yao. Leo, ndugu msomaji, tuwatazame hao wa asubuhi. Hawa ndio walio wengi. Hutoa ujana wao wote ulingoni, kisha siku moja hushuka bila cheo wala akiba. Je, huenda wapi?

POSHO BADALA YA MSHAHARA

Wanamieleka wa sumo nchini Japani ni takriban 600, nao hupangwa katika madaraja sita. Daraja la juu kabisa, liitwalo makuuchi, lina nafasi 42. La pili, liitwalo juryo, lina nafasi 28. Jumla ni watu 70, na hao 70 ndio peke yao wanaolipwa mshahara wa kila mwezi. Wengine wote, yaani zaidi ya mia tano, hupewa posho tu kila linapofanyika shindano kuu. Na mashindano makuu ni sita kwa mwaka.

Tofauti hiyo si ndogo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwanamieleka wa daraja la pili hupata yeni 1,100,000 kwa mwezi. Aliye daraja la tatu, hatua moja tu chini yake, hupata posho ya yeni 165,000 kwa miezi miwili. Wa daraja la sita, ambaye ndiye wa mwisho kabisa, hupata yeni 77,000 kwa muda huohuo. Basi mtu akiteleza kutoka daraja la pili hadi la tatu kwa sababu ya goti bovu, huamka akiwa hana mshahara tena.

Hata mavazi humtambulisha mtu. Wa madaraja mawili ya mwisho hutembea barabarani na kanzu nyepesi ya pamba na mitalawanda miguuni, hata wakati wa baridi kali. Akipanda hadi daraja la nne huruhusiwa kuvaa makubazi. Akifika la tatu ndipo huruhusiwa koti na skafu. Hivyo kila mpita njia, akimwona miguuni na mabegani, hujua kijana yule amefikia wapi.

Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Shida ya mwanamieleka mdogo ni kwamba huchuma juani ujana wake wote, na kivuli kinabaki kuwa cha watu 70.

MTOTO ANAPOTOLEWA NYUMBANI

Tumfikirie kijana wa mfano. Ana umri wa miaka 15, amemaliza masomo ya lazima, ambayo Japani ni ya miaka tisa. Mwaka wa shule hukoma mwezi Machi, na shindano la mwezi huo, linalofanyika Osaka, ndilo linalopokea wageni wengi kuliko mengine. Wazazi wake wanamkabidhi kwa mkuu wa kambi, ambaye mwenyewe ni mwanamieleka mstaafu. Tangu siku hiyo mkuu wa kambi ni baba yake, na mke wa mkuu huyo ndiye anayetegemewa na vijana kama mama.

Kwa miezi sita kijana huhudhuria chuo cha wanamieleka wapya katika ukumbi wa Kokugikan, akajifunza misingi ya mchezo, historia yake na hata mwandiko. Baada ya hapo shule yake ni kambi. Huamka kabla ya jua kuchomoza, akafanya mazoezi mapema ili kuwapisha wakubwa. Kisha huingia zamu ya jikoni. Wakubwa huoga kwanza na kula kwanza. Yeye husimama nyuma yao akiwapakulia. Huwafulia, huwabebea mizigo, na bafuni huwasugua migongo. Usiku hulala katika chumba kimoja kikubwa pamoja na wenzake. Kuoa na kuhamia nyumba yake mwenyewe ni jambo la waliokwisha kufika madaraja mawili ya juu. Kuendesha gari pia chama cha sumo kinamkataza maadamu bado ni mwanamieleka.

Hapungukiwi na chakula wala malazi, na nidhamu anaipata tele. Lakini miaka hupita. Wenzake aliosoma nao wamehitimu sekondari, wamepata kazi, wamelipa kodi ya nyumba, wamelea watoto. Yeye ana miaka 30, magoti yanauma, na maisha ya nje ya kambi hayajui.

Wapo wanaokaa muda mrefu ajabu. Mwanamieleka aliyejulikana kwa jina la ulingoni la Hanakaze aliingia mwezi Machi 1986 na kustaafu baada ya shindano la Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 51. Kwa karibu miaka 36 aliingia ulingoni bila kufika hata mara moja daraja lenye mshahara. Wako watakaoona kuwa ni kupoteza umri. Lakini mtu hawezi kuamka kabla ya alfajiri kwa miaka yote hiyo kama kazi yake haiipendi.

SIKU YA MKASI

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwanamieleka akistaafu hukatwa shungi lake, lile fundo la nywele lililopakwa mafuta ambalo ndilo alama ya kazi yake. Bingwa hukatiwa shungi Kokugikan, juu ya ulingo, mbele ya maelfu. Wageni wake hupanda mmoja mmoja, na kila mmoja hukata nywele chache kwa mkasi, hadi mkuu wa kambi anapolikata fundo lenyewe.

Mwanamieleka mdogo hana haki ya ukumbi huo. Yeye hukatiwa shungi kambini au katika ukumbi wa hoteli, aghalabu wakati wa tafrija ya kufunga shindano, mbele ya wenzake, wafadhili wa kambi na jamaa zake. Lakini hapa pana jambo moja ambalo akina mama wasomao ukurasa huu watalithamini. Kwa mila ya sumo, mwanamke haruhusiwi kupanda ulingoni. Kwa hiyo mama wa bingwa hukaa chini akitazama wanaume wakimkata mwanawe nywele. Mama wa mwanamieleka mdogo, kwa kuwa hafla yake haifanyiki ulingoni, anaweza kuushika mkasi kwa mkono wake mwenyewe. Aliyemtoa mtoto nyumbani akiwa na miaka 15 anaweza kuwa miongoni mwa wale wanaomrudisha.

Kesho yake asubuhi mtu yuleyule hutoka barabarani na nywele fupi kama raia mwingine yeyote. Sasa anatafuta kazi.

NAFASI NDANI YA CHAMA

Ndani ya chama chenyewe milango ni michache. Kuna nafasi 105 za wazee wa sumo, ambao ndio wakuu wa kambi, waamuzi wa pembeni na viongozi wa chama. Nafasi hizo ni za waliodumu kwa muda uliowekwa katika madaraja ya juu. Mdogo hazimhusu.

Yeye aweza kutumaini kazi za aina mbili tu. Ya kwanza ni ya wasimamizi wa vijana, ambao hawazidi wanane. Hao huwaongoza wanamieleka wapya na kusaidia kuendesha mapambano ya asubuhi. Ya pili ni ya watunza vifaa, ambao hawazidi 13. Hao hutunza na kusafirisha zana za chama. Hizo ni nafasi 21 kwa nchi nzima, na hadi aliyemo astaafu, hakuna anayeingia.

JIKO LINALOGEUKA MTAJI

Walio wengi, basi, hutoka nje kabisa. Mlango wa kwanza unaojulikana sana ni wa jikoni. Chakula cha kambi huitwa chanko, na kinachojulikana zaidi ni supu nzito inayopikwa katika chungu kikubwa, yenye nyama ya kuku au samaki, mboga na vitu vingine vya kujenga mwili. Kuku hupendwa kwa sababu ya imani: husimama kwa miguu miwili, wala hagusi chini kwa mikono kama afanyavyo mwanamieleka aliyeangushwa.

Aliyeshindwa kupanda daraja aghalabu ndiye aliyekaa jikoni miaka mingi zaidi. Amepikia kambi nzima kila siku. Anajua kununua vitu kwa wingi, kupima chumvi bila kuonja mara mbili, na kutotupa kitu. Ujuzi huo ameupata bila kuuomba, na siku shungi linapokatwa huwa ndio mtaji wake. Mtaa wa Ryogoku na miji mingine ina mikahawa mingi ya chanko iliyofunguliwa na wanamieleka wastaafu, wakubwa kwa wadogo. Hata hivyo, kupika ni jambo moja na kuendesha biashara ni jingine. Mtu ambaye hajapata kulipa kodi ya pango wala kuandika hesabu za faida na hasara hujifunza mambo hayo kwa fedha yake mwenyewe.

MIKONO INAYOINUA WAZEE

Mlango wa pili umefunguliwa na umri wa taifa lenyewe. Japani ni nchi ya wazee. Karibu watu watatu katika kila kumi wamevuka miaka 65. Wazee wengi wanahitaji mtu wa kuwainua kitandani, kuwaogesha na kuwalisha, na watu wa kazi hiyo hawatoshi. Baadhi ya wanamieleka wastaafu wameingia humo, na wameonekana kuwa wameiva tayari.

Sababu ya kwanza ni nguvu, kwani mzee mwenye kilo 60 si mzigo kwa aliyezoea kusukumana na mtu mwenye kilo 150. Lakini nguvu peke yake haitoshi. Yaweza hata kuumiza. Sababu kubwa zaidi ni ile zamu ya bafuni. Mtu aliyewasugua wengine migongo kwa miaka kumi haoni aibu ya mwili wa mwenzake, wala haoni kuwa kumhudumia mwingine ni kujidhalilisha. Amejifunza kusubiri, kunyamaza, na kujua mtu anahitaji nini kabla hajasema. Kazi zilizokuwa alama ya unyonge wake kambini sasa ndizo zinazompatia heshima na mshahara.

Wengine huwa walinzi, mafundi wa ujenzi, wachukuzi na, baada ya kujifunza, madereva. Wako pia waingiao katika mieleka ya kulipwa, njia iliyotiwa umaarufu na Rikidozan, aliyeacha sumo mwaka 1950. Ingawa yeye alikuwa amekwisha kufika daraja la juu. Na wote, kazi iwayo yoyote, wana jukumu moja la haraka: kupunguza mwili. Mazoezi yakikoma na sahani isipopungua, maradhi ya sukari na ya moyo hayako mbali.

MLANGO UNAODAI CHETI

Upo mlango mwingine ambao ungewafaa sana. Nao ni ule wa uganga wa viungo, yaani kuganga mishtuko, michubuko na mifupa iliyoteguka. Nani ayajuaye maumivu ya goti na bega kuliko wao? Baadhi wameingia na wana vyumba vyao vya tiba. Lakini kazi hiyo yadai masomo ya miaka mitatu na mtihani wa taifa, na ili kupokelewa masomoni sharti mtu awe amehitimu sekondari au ana cheti kinacholingana na hicho. Aliyeingia kambini akiwa na miaka 15 hana cheti hicho. Kosa si lake. Alifanya alichoambiwa na watu wazima.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Si kweli kwamba miaka ya mwanamieleka mdogo ilipotea. Ameondoka na adabu, uvumilivu, ujuzi wa jikoni na mikono iliyozoea kuhudumia. Lakini kambi iliyokula jasho lake ingeweza kumpa na kitabu pia. Mchana, wanamieleka hulala ili chakula kijenge mwili. Saa moja katika hizo ingetosha kwa somo. Wapo wanamieleka wanaosoma sekondari kwa njia ya posta huku wakiendelea na mchezo, na mfano wao unaonyesha kuwa jambo hilo lawezekana.

Wazazi wa Japani nao wamekuwa waangalifu zaidi. Mwaka 1992 vijana zaidi ya 200 walijiunga na sumo. Mwaka 2023 waliojiunga hawakufika 60. Watoto wamepungua nchini humo na michezo mingine imeongezeka. Lakini mzazi anayeombwa mwanawe ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kukubali. Asiulize tu mwanawe atapanda hadi wapi. Aulize pia: siku atakaposhuka, atakuwa ameshika nini mkononi?