Usiyafiche haya unapokwenda kupigwa CT-Scan

Na Mwandishi Wetu

KABLA mgonjwa hajalala kwenye kitanda cha mashine ya CT-Scan, huulizwa maswali kadhaa: Je, una mimba? Una matatizo ya figo? Umewahi kudhurika baada ya kuchomwa sindano ya dawa ya picha?

Wapo wanaojibu harakaharaka, wakidhani ni utaratibu tu wa kujaza fomu. Wapo pia wanaoficha ukweli kwa aibu, au kwa hofu ya kurudishwa nyumbani baada ya kuhangaika kutafuta fedha za kipimo.

Hata hivyo, majibu hayo ndiyo humwezesha daktari kuamua iwapo kipimo hicho kifanyike, kiahirishwe au kibadilishwe.

CT-Scan ni mashine ya eksirei inayofanya kazi pamoja na kompyuta. Chanzo cha mionzi huzunguka mwili wa mgonjwa, kisha kompyuta hutengeneza picha za ndani kipande kwa kipande, mithili ya mkate uliokatwa slesi. Kwa njia hiyo daktari anaweza kuona damu iliyovuja ndani ya fuvu au uvimbe uliojificha tumboni, mambo ambayo eksirei ya kawaida haiyaonyeshi vizuri.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo jijini London, Oktoba 1, 1971. Mwaka 1979, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa mchango wao katika ugunduzi huo.

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kulifahamu ni kuhusu mionzi. Kila mtu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini na angani. CT-Scan moja ya kichwa humpa mtu mionzi inayokaribia ile ya asili anayoipata kwa mwaka mmoja, na ya tumbo hukaribia ya miaka mitatu. Mionzi hiyo haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa, lakini inaaminika huongeza kwa kiasi kidogo uwezekano wa kupata saratani miaka mingi baadaye, hususan kwa watoto.

Hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na faida kwa mtu aliyeumia kichwa ajalini au mwenye dalili za kiharusi. Lakini kwa mtu anayeshinikiza apigwe picha “ili ajiangalie tu”, hakuna sababu ya kuibeba. Nchini Tanzania, matumizi salama ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi kuwa nayo, hana budi kusema mapema. Daktari anaweza kuchagua altrasaundi au MRI, ambazo hazitumii mionzi ya aina hiyo. Ikiwa maisha ya mama yako hatarini, CT-Scan bado inaweza kufanyika.

Jambo la pili ni dawa ya picha yenye madini ya ayodini, ambayo baadhi ya wagonjwa huchomwa mshipani ili mishipa na viungo vionekane vizuri. Inapoingia, wengi huhisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na hata kudhani wamejikojolea. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi. Lakini kuwashwa, kuvimba uso au kupumua kwa shida ni dalili za mzio, na mhudumu aelezwe papo hapo.

Mwenye ugonjwa wa figo huweza kupimwa damu kwanza, kwa kuwa dawa hiyo hutolewa mwilini kupitia figo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin amweleze daktari, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kuhusu imani kwamba asiyepatana na kamba au samaki hawezi kuchomwa dawa hiyo, haina msingi wa kitabibu. Muhimu ni iwapo aliwahi kudhurika na dawa yenyewe, au ana pumu au mzio mkali wa kitu chochote.

Siku ya kipimo, fuata maelekezo ya hospitali kuhusu kula, vua vitu vya chuma na utulie unapoambiwa ubane pumzi, kwani kutikisika huharibu picha. Baada ya sindano, kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amekuzuia.

Mwisho, tunza picha na majibu yako, na uende nayo kila hospitali utakayohamishiwa. Picha iliyopotea huweza kumlazimu mgonjwa kulipa tena, na kupigwa mionzi tena, kwa jambo ambalo tayari lilikwishaonekana.