Idadi ya Kunukuliwa na Thamani ya Mtafiti wa Afya

Rekodi ya machapisho ya mtafiti wa afya ni orodha ya makala alizochapisha katika majarida ya kitaaluma, ambayo kwa kawaida hayatoi makala yoyote kabla haijapitiwa na wataalamu wengine wa fani hiyo ili wapime mbinu na hitimisho lake. Na kila mtafiti anayeitumia baadaye hupaswa kuitaja katika marejeo yake, jambo linaloitwa kuinukuu. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza marejeo hayo yakusanywe katika faharasa moja ya sayansi, na ilipoanza kutolewa mwaka 1964 kusudi lake kuu lilikuwa kumwezesha msomaji kufuatilia wazo kutoka makala moja hadi nyingine, si kuamua nani apandishwe cheo.

Kipimo kinachotajwa sana leo ni fahirisi ya h, iliyobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Makala za mtafiti hupangwa kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha hutafutwa nafasi ya mwisho ambayo idadi ya kunukuliwa haipungui namba ya nafasi yenyewe. Mtafiti mwenye makala 7 zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 0 ana fahirisi ya 5, kwa kuwa makala ya tano imenukuliwa mara 5 na ya sita mara 3 tu. Lau ile ya kwanza ingenukuliwa mara 4,000, kwa kuwa imebadili namna wakunga wanavyozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, fahirisi ingebaki 5 ile ile. Tena mtu huyohuyo huwa na fahirisi tofauti kutegemea hifadhidata inayotumika: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, ilhali Web of Science huchagua majarida yake, na mengi yanayotolewa Afrika hubaki nje.

Kunukuliwa pia si kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyotumia watoto 12 kuhusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa na jarida hilo mwaka 2010, nayo imenukuliwa mno, mara nyingi na watu wanaoikanusha. Mashine ya kuhesabu haitofautishi pongezi na karipio.

Kasoro iliyo nzito zaidi, hasa kwa magonjwa ya Afrika Mashariki, ni ya wakati. Kipimo cha athari ya jarida, ambacho waajiri wengi hukitumia kana kwamba ni alama ya mtafiti mwenyewe, huhesabu ni mara ngapi katika mwaka mmoja zimenukuliwa makala ambazo jarida hilo lilichapisha katika miaka miwili iliyotangulia. Kwa mfano, mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha makala mbili kuhusu mlipuko wa homa uliotokea mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwenye uwanda wa Makonde. Robinson alieleza dalili, yaani homa ya ghafla, vipele na maumivu ya viungo yaliyomfanya mgonjwa ashindwe kujinyoosha, naye Lumsden akafuatilia kuenea kwa ugonjwa na mbu wanaoishi karibu na watu. Huo ndio ugonjwa wa chikungunya. Kwa hesabu ya miaka miwili, kazi hiyo ilikwisha muda wake mwishoni mwa mwaka 1957. Lakini ugonjwa ulipozuka Lamu mwaka 2004, ukavuka hadi Komoro, kisha ukawapata takriban theluthi ya wakazi wa kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, utafiti juu yake uliongezeka kwa kasi duniani, na watafiti wapya wakarudi kwenye maelezo yaleyale ya mwanzo. Ubora wa kazi haukubadilika katika nusu karne hiyo. Kilichobadilika ni haja ya watu kuisoma.

Kuna pia suala la majina. Katika utafiti wa tiba, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi; watafiti wa Afrika waliokusanya sampuli na kuwafuatilia wagonjwa vijijini mara nyingi wamewekwa katikati, na fahirisi ya h humpa kila aliyeorodheshwa hesabu sawa, awe amebuni utafiti au amepitia rasimu tu. Ni dhuluma inayostahili kusemwa waziwazi, kwa sababu huficha nani hasa anaijua kazi.

Azimio la San Francisco, lililoandaliwa Desemba 2012, lilitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha athari ya jarida katika kuajiri na kupandisha vyeo, na zitazame yaliyomo ndani ya makala. Kamati inayoutaka utaratibu huo inaweza kumwomba mtafiti ateue makala zake chache, aeleze alichofanya mwenyewe katika kila moja na kama kuna mwongozo wa matibabu au sera ya chanjo iliyotokana nayo, kisha wajumbe wakae wazisome.