"Kuchoma" Pasipo Kuungua: Neno la Mialoni na Zebaki

Katika Kiswahili mwiba huchoma, sindano huchoma, na mahindi huchomwa. Kwa hiyo mgonjwa asemaye "kifua kinanichoma" hajaeleza bado kama anahisi moto au ncha kali, na mhudumu hana budi kumwuliza. Mialoni mwa Geita na Shinyanga neno hilo lina maana nyingine, iliyo hatari kuliko hizo: "kuchoma dhahabu".

Anayechoma huweka juu ya makaa donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Zebaki huondoka, dhahabu hubaki. Hapo hakuna kilichoungua isipokuwa makaa. Zebaki haikuwa majivu wala haikuteketea. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, nao ukipoa hurudi kuwa zebaki ileile juu ya bati, ukutani na kwenye nguo. Jina la kazi humfanya mtu aogope moshi wa makaa, ambao anauona, na kuusahau mvuke.

Lugha nyingine nazo zimeteleza hapo. Neno la Kiingereza brandy limetoka katika brandewijn la Kiholanzi, yaani "mvinyo uliochomwa", ingawa mvinyo huo ulitoneshwa tu. Mtengeneza gongo analijua jambo hili vizuri kuliko wengi: huukamata mvuke kwa bomba, akaupoza. Chombo cha kunasia zebaki hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na zebaki iliyonaswa hutumika tena. Anayechoma katika sufuria wazi huipeleka mapafuni.

Mapafu hufyonza takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa, ilhali zebaki ya maji ikimezwa hufyonzwa kidogo mno. Uchunguzi uliofanyika Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulionesha dalili za sumu sugu ya zebaki kwa takriban robo ya wachomaji.

Mvuke mwingi ukivutwa kwa mara moja, kikohozi, homa na kubanwa kifua hufuata baada ya saa chache, na ni rahisi kudhaniwa nimonia au malaria. Sumu ya muda mrefu huja polepole: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, fizi huvimba, na mtu mpole huwa mwepisi wa hasira. Figo nazo huumia. Kipimo kifaacho kwa mvuke ni cha mkojo, na hatua ya kwanza ya tiba ni kumtoa mgonjwa penye mvuke.

Jibu la "mimi sichomi" lisimalize mahojiano. Aulizwe ni nani achomaye, na wapi. Mara nyingi ni jikoni, juu ya jiko lilelile la ugali, na mvuke huo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni.