Dashibodi iliyopauka haitaki mafuta

Gari la zamani husifiwa kwa injini yake na bodi yake. Lakini fungua mlango, ukae nyuma ya usukani, ndipo utakapoujua umri wake. Dashibodi iliyokuwa nyeusi imegeuka kijivu, imekakamaa, na karibu na kioo imeanza kupasuka. Leo tueleze kwa nini hutokea hivyo, na jinsi ya kuirekebisha bila kuiharibu zaidi.

Chukua mfano wa Peugeot 504, gari lililoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, likaja kuunganishwa Kenya na Nigeria, na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lilisifiwa kwa kustahimili barabara mbovu. Lakini dashibodi yake, kama za magari mengi ya enzi hizo, ni ya plastiki, na adui mkubwa wa plastiki ni jua.

Ile plastiki laini mfano wa ngozi, inayofunika dashibodi nyingi, kwa asili ni ngumu. Ni jamaa ya plastiki ya mabomba ya maji. Kiwandani huchanganywa na kemikali za kuilainisha. Sasa, gari lililofungwa vioo likiachwa juani, joto la dashibodi huweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa joto hilo kemikali zile hutoka kidogo kidogo kama mvuke. Ule utando wa mafuta unaoufuta kila mara upande wa ndani wa kioo cha mbele, sehemu yake ni dashibodi yako inayokuhama. Nayo mionzi ya jua hula rangi na kuuchakaza uso wa plastiki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Sisi tumezoea kwamba kilichopauka hupakwa mafuta. Mtoto akitoka kuoga hupakwa, naye hung'aa. Basi na dashibodi hupakwa mafuta ya kupikia, ya mgando, hata mafuta ya taa. Kwa siku mbili inapendeza. Baadaye mafuta ya kupikia huvunda na kunasa vumbi. Mafuta ya taa na petroli ni mabaya zaidi, kwa kuwa huzidi kuzinyonya zile kemikali za kulainisha, na ufa huja mapema.

Iko hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Dashibodi haikufanywa nyeusi isiyong'aa kwa bahati mbaya. Ikiwa inang'aa, jua la mchana huigonga na mng'ao wake kuonekana kwenye kioo, mbele ya macho ya dereva. Mtu anayevuka barabara anaweza kupotea ndani ya mng'ao huo.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza, osha. Tumia maji vuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Usimwage maji, kwani nyuma yake kuna nyaya. Mara nyingi nusu ya weupe ni uchafu na mabaki ya mafuta ya zamani.

Pili, iache ikauke, uitazame. Ikiwa imepauka tu, tafuta dawa ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji, yenye kinga ya jua na isiyoacha mng'ao. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Tatu, ikiwa rangi imekwisha kabisa, ipakwe rangi ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Rangi ya bodi hukauka ikawa ngumu, na juu ya plastiki laini itabanduka. Fungua vipande vinavyofunguka, ukiwa umekwisha kuondoa waya wa betri. Saa na vioo vyake vifunike kwa gazeti na utepe. Pulizia kidogo kidogo, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Milango iwe wazi, maana harufu yake ina madhara. Ama kwa magari ya baadaye yenye mifuko ya hewa ya usalama, usipake rangi wala kugundisha kitu juu ya mifuniko yake.

Wako mafundi wanaopitisha moto juu ya plastiki ngumu ili weusi urudi. Ni kweli hurudi, lakini kwa muda tu, na moto ukizidi kidogo kipande hupinda kisinyooke tena. Na dashibodi iliyokwisha kupasuka haiponi kwa rangi wala dawa. Hiyo ni ya kuzibwa na kuvikwa upya na fundi wa viti, kazi yenye gharama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe tunauona kwa macho.

Kinga ni rahisi kuliko yote. Egesha kivulini. Kivuli kikikosekana, simamisha kipande cha boksi nyuma ya kioo cha mbele, na ukumbuke kukiondoa kabla ya kuwasha gari. Boksi hilo hupatikana bure dukani, wakati dashibodi ya gari ambalo halitengenezwi tena huweza kutafutwa mwaka mzima.