Utetezi wa Dereva Katika Kesi ya Fidia ya Ajali Nchini Kenya

Kesi ya fidia ya ajali ya barabarani nchini Kenya husimama juu ya uzembe. Kuumia peke yake hakutoshi. Mdai hana budi kuonyesha kwamba dereva alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomdhuru. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai, ingawa kipimo si kikali kama cha jinai: upande ambao maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli ndio unaoshinda. Utetezi hulenga kukata kiungo kimojawapo kati ya hivyo vitatu.

Hatari ya kwanza hutangulia kesi yenyewe. Dereva aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu huweza kukiri kosa ili alipe faini na arudi kazini. Lakini kwa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hatia hiyo, muda wa rufaa ukishapita, huwa ushahidi usiopingika kwamba kosa lilitendeka. Faini iliyolipwa asubuhi moja hivyo humnyima nafasi ya kukana uzembe baadaye. Hata hivyo, katika kesi ya Robinson dhidi ya Oluoch ya 1971, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba dereva mwenye hatia bado anaweza kudai kuwa mwenzake naye alichangia ajali.

Mdai ana miaka 3 ya kufungua kesi. Mdaiwa naye, akishaitikia samansi, ana siku 14 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Kukana tu hakufai. Makosa ya mdai yatajwe moja moja: alivuka ghafla, pikipiki yake haikuwa na taa, aliingia barabara kuu bila kusimama. Jambo lisilotajwa humo ni vigumu kuliibua baadaye.

Abstrakti ya polisi huthibitisha kwamba ajali ilitokea na magari gani yalihusika. Haithibitishi nani alikosea. Uzito uko kwenye mchoro wa mahali pa ajali, picha, alama za breki na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mijini, gari husogea karibu mita 14 kila sekunde, na dereva huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Mtu akichomoka nyuma ya matatu iliyosimama, mita 10 mbele, gari humfikia kabla breki hazijashika. Alama zinazoanzia mbele ya mahali alipogongwa huunga mkono maelezo hayo. Lakini alama za mita 40 kwenye lami kavu humgeukia dereva, kwa kuwa huashiria mwendo wa zaidi ya kilomita 80. Wakili wa mdai naye atauliza kwa nini mwendo haukupunguzwa karibu na kituo, na swali hilo lahitaji jibu.

Jibu hilo lazima litoke kinywani mwa dereva. Asipofika kizimbani, utetezi wake hubaki madai matupu na ushahidi wa mdai husimama bila kupingwa. Anayesingizia breki kukatika pia huulizwa kumbukumbu za matengenezo; bila hizo, hitilafu yenyewe huonekana kuwa uzembe.

Pale lawama zinapogawanyika, Sheria ya Marekebisho ya Sheria huruhusu fidia ipunguzwe kwa kadiri ya kosa la mdai. Fidia ya shilingi 1,000,000, dereva akibeba asilimia 60, hushuka hadi 600,000. Hoja hii haifai dhidi ya mtoto mdogo, kwani mahakama hazimtarajii awe na busara ya mtu mzima.

Bima ya lazima hulipa madai ya kifo au majeraha ya mtu wa tatu hadi shilingi milioni 3, na kinachozidi hapo humrudia aliyehukumiwa. Ndiyo maana utetezi huhesabiwa kuwa umefaulu kesi inapotupiliwa mbali, na vilevile sehemu ya lawama inapopunguzwa hadi kiwango anachostahili dereva.