Utomvu unaoipa kalamu ya Kichina thamani

KALAMU ya wino iliyopakwa laka kwa mkono nchini Uchina huuzwa ghali, na sababu kuu ni utomvu wa mti.

Laka halisi hugemwa kutoka kwa mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Ikiwa mbichi, huwasha na kutoa malengelenge. Fundi asipojihadhari, ngozi yake huumia.

Ajabu ni kwamba laka haianikwi juani. Kimeng'enya kilichomo huhitaji hewa yenye unyevu ili kuigandisha. Hivyo, baada ya kila mpako, kalamu huhifadhiwa katika kabati lenye unyevunyevu.

Katika mtindo uitwao xipi, fundi huanza kwa tabaka lenye vinundu, kisha hupaka rangi moja juu ya nyingine. Hatimaye husugua kwa msasa hadi uso ulainike, na rangi zilizofichika hujitokeza kama mistari ya mbao. Akisugua kupita kiasi, kazi yote huharibika.

Vanishi ya kiwandani nayo hung'aa, tena hukauka upesi. Hata hivyo, laka iliyoganda vyema hustahimili maji, joto na asidi. Adui yake ni jua kali, kwa hivyo mwenye kalamu hiyo asiiache dirishani.